Matone Matatu Kila Ijumaa

“Mjomba, kwa nini hukupanda pikipiki?”

Nilimwuliza hivyo nikiwa na miaka kumi na mmoja, siku ya nne baada ya bibi yangu kuzikwa, watu wakikunja majamvi baada ya kuondoa tanga. Mjomba Chirau alikuwa akinawa mikono kwa birika nje ya nyumba ya Msambweni. Mama alinifinya paja hata machozi yakanilenga. Mjomba hakukasirika. Aliendelea kunawa, akainawa tena mikono iliyokwisha kutakata, kisha akaingia ndani bila kunijibu.

Swali langu halieleweki mpaka kwanza mumjue mwenyewe.

Mjomba Chirau ni kaka ya mama yangu, mtoto wa kwanza wa Bibi Maimuna. Alizaliwa Msambweni, pwani kabisa, lakini alipooa alihamia Mkongani, juu vilimani, kwenye shamba la machungwa la wakweze. Mimi nilipelekwa kwake nilipoanza darasa la tatu, maana yeye na mkaza mjomba hawakujaaliwa mtoto na nyumba yao ilikuwa kimya mno. Ni mtu mrefu, mwembamba, asemaye polepole, na kofia yake ya viua haikosi doa la grisi.

Na ana pikapu. Ukijumlisha umri wangu wakati ule na wa marafiki zangu wawili, bado pikapu ilitushinda. Rangi yake ilikuwa samawati zamani. Mlango wa kulia ulifungwa kwa kamba. Iliwahi kubeba machungwa ya kwenda soko la Kombani, mbuzi, maharusi, wagonjwa, na siku moja mwalimu mkuu na kabati lake, mwalimu mwenyewe akiwa amelikumbatia kabati huko nyuma.

Kila Ijumaa, akishaoga na kuvaa kanzu, kabla ya kwenda msikitini, Mjomba alifungua mlango wa gari, akatoa kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya kikohozi, akatia matone matatu ya mafuta ya nazi katika tundu la ufunguo kando ya usukani. Alisema bismillahi kwa tone la kwanza tu. Kisha akaingiza ufunguo, akauzungusha mbele na nyuma, akafuta yaliyomwagika kwa kidole na kukipaka kidole hicho kwenye ndevu.

“Ya nini hayo, Mjomba?”

“Chuma kina koo. Koo likikauka halisemi.”

“Nani alikufundisha?”

“Nani mwingine?”

Hakuwa mwingine ila Bibi Maimuna. Mafuta aliyapika mwenyewe: akune nazi, akamue tui, alichemshe mpaka mafuta yajitenge juu na nyumba nzima inukie. Mafuta hayo yalikuwa ya nywele, ya mtoto mchanga, ya aliyeungua, ya bawaba za mlango. Kule Msambweni hewa ya chumvi hula kufuli upesi, lakini kufuli la Bibi lilizika milango mitatu likabaki lenyewe, na yeye alisema ni mafuta. Kila tulipomtembelea alikijaza kile kichupa bila kuombwa.

Msambweni mafuta hayo hukaa majimaji mwaka mzima. Kwetu Mkongani, mwezi wa saba, baridi ikitanda vilimani, chupa ya mafuta huamka nyeupe kama mshumaa, na mkaza mjomba huianika juani ndipo anipake nywele. Niliiona kila asubuhi. Sote tuliiona.

Mwezi wa sita wa mwaka ule Bibi aliugua. Tulishuka kumwona. Alikuwa amelala ubavu, amekuwa mdogo, lakini macho yalikuwa yale yale. Mjomba aliketi sakafuni karibu na kitanda.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Chirau, ukija siku hiyo usije na watu wengi wa kulia. Njoo na nguvu zako tu.”

“Siku ipi, mama?”

“Usijifanye mjinga, umeanza kuota mvi. Mdogo wako Jaafar mikono yake inatetemeka, hata chai humwaga. Mimi nitashukia mikononi mwako wewe.”

Kwetu mwanamke hateremshwi kaburini na mtu baki. Huingia mwanawe au ndugu yake, humpokea, akamlaza, akamwelekeza kibla. Mjomba alijibu, “Inshallah, mama,” akamshika mguu juu ya shuka. Tulipoondoka Bibi alimwambia Mama akijaze kile kichupa.

Mkaza mjomba akabaki Msambweni kumuuguza. Sisi tukarudi, na mwezi wa saba ulipoingia gari likaanza ugonjwa wake.

Ulikuwa hivi. Asubuhi Mjomba alizungusha ufunguo, na hakuna kilichotokea. Si kwamba injini ilijaribu ikashindwa. Ilikuwa kimya, taa ndogo za dashibodi hazikuwaka, kama mtu azungushaye kijiti kwenye uji. Saa nne au saa tano, tukiwa tumekata tamaa, lilikuwa likiwaka kwa mguso mmoja. Siku nzima likawaka vizuri. Kesho yake asubuhi, kimya.

Akalipeleka Kombani kwa fundi Chome, Mduruma mwenye sauti kubwa kuliko honi. Mimi nilikuwamo, maana ilikuwa Jumamosi. Tulifika saa sita, jua limepasua kichwa.

“Haya, nionyeshe ugonjwa,” Chome alisema.

Mjomba akazungusha ufunguo. Gari likanguruma.

“Chirau, hili gari ni kama mtoto mtoro. Nyumbani tumbo lamuuma, akifika hospitali anaruka kamba.”

Vijana wa gereji wakacheka. Hata hivyo Chome alifanya kazi yake. Alivisugua vichwa vya betri kwa msasa, akabadilisha fyuzi moja, akaishusha stata akaitazama akairudisha. Kisha akajifuta mikono, akaanza kuuliza kama daktari.

“Hiyo asubuhi likikataa, taa za mbele zinawaka?”

“Zinawaka.”

“Honi?”

“Inalia.”

“Basi betri nzima. Na taa ndogo za dashibodi?”

“Ndizo zisizowaka.”

“Basi moto unatoka kwenye betri, unafika hapa, haupiti.” Alipiga kidole penye tundu la ufunguo. “Suichi. Nyuma ya hili tundu kuna kisuichi chenye vibati vya shaba. Vikigusana, moto unapita. Vyako vikiamka havigusani, sijui kwa nini. Niachie gari nikifungue.”

“Kwa muda gani?”

“Kutwa, labda na kesho. Boliti zake zimekatwa vichwa makusudi ili mwizi asizifungue. Sharti nizichonge.”

Mjomba alitazama barabara ya kuelekea Ukunda na Msambweni. “Siwezi, Chome. Mama mgonjwa. Nikipigiwa simu niwe na gari.”

“Gari lisilowaka?”

“Linawaka. Linachelewa tu.”

“Haya. Mimi nimesema.”

Simu ilikuja Jumatano, Mjomba akiwa bado juu ya msala baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa Jaafar, mdogo wake. Sauti ilitoka nje ya simu hata mimi nikaisikia mlangoni. Mama ametutoka, kaka.

Mjomba akasema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Kisha akauliza, “Mnazika saa ngapi?”

“Saa nne. Sheikh asema maiti haicheleweshwi.”

“Nakuja. Asishuke mtu kaburini, Jaafar. Nashuka mimi.”

Kutoka kwetu hadi Msambweni, kupitia Kwale na Kombani, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari lile. Saa kumi na mbili tulikuwa tayari. Bibi Dama, dada mkubwa wa marehemu, aliyekaa kwetu tangu miguu yake ikatae kazi, alibebwa na majirani wawili akawekwa kiti cha mbele na tasbihi yake. Mimi nikakaa katikati. Mjomba akaingia, akasema bismillahi, akazungusha ufunguo.

Kimya.

Akautoa, akaupuliza, akaurudisha. Kimya. Akautikisa. Akapiga usukani kwa kiganja. Akawasha taa za mbele, zikamulika banda la kuku, kuku wakapiga kelele.

“Kichupa,” akaniambia.

Kilikuwa kimeganda. Akaniagiza nikitie kwapani mpaka yayeyuke. Nilisimama pale nimejikunyata, kichupa baridi kimenigusa mbavu, nikihesabu mpaka mia tatu. Nilipompa, akatia matone matatu. Akafikiri. Akaongeza la nne.

Kimya.

Majirani wakasema lisukumwe. Pale nyumbani kuna mteremko hadi kwenye daraja dogo. Wanaume sita wakasukuma, wengine bado wana vikoi vya kulalia, gari likashika kasi, Mjomba akaachilia klachi. Gari lilijikunja likasimama. Wakasukuma tena. Likajikunja tena. Hivyo hivyo mpaka tukafika darajani, bondeni, ambako jua huchelewa kuingia na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya nyasi. Kulirudisha juu kulihitaji watu ishirini.

Mjomba alipanda kilimani mbio kutafuta mtandao, akampigia Chome, nami nikamfuata.

“Mnasukuma nini?” Chome alifoka. “Suichi haipitishi moto, hata mkilisukuma mpaka Lungalunga! Sikiliza. Vunja kifuniko cha chini ya usukani. Utaona waya mwekundu mnene. Huo uunganishe na...”

Mjomba akateremka mbio na maneno hayo kichwani. Akavunja kifuniko. Ndani mlikuwa na nyaya saba, zote rangi ya vumbi. Bondeni simu haikushika. Alishika waya mmoja, akauacha, akashika mwingine. Vidole vilikuwa vikitetemeka kama alivyosema Bibi kuhusu vya Jaafar.

“Ukiunganisha usio wenyewe?” nikauliza.

“Litaungua.”

Akaziacha nyaya zikining’inia, akarudi kwenye ufunguo.

Saa mbili na dakika kumi akaja Sanga, kijana wa bodaboda wa pale kwetu, amesikia habari. Hakuzima hata pikipiki.

“Mzee Chirau, pole sana. Panda. Nitakufikisha kabla ya saa nne, wallahi.”

“Na mama mkubwa je?”

Bibi Dama akatoa kichwa dirishani. “Mimi niache! Maiti ni mdogo wangu, lakini mimi siingii kaburini. Wewe ndiye unayengojwa. Nenda!”

Mjomba akaweka mguu mmoja nje. Mguu mwingine ulikuwa bado ndani, na mkono bado uko kwenye ufunguo, na katika kugeuka kwake mkono uliuzungusha. Taa ya dashibodi ikameta. Mimi niliiona pia: nyekundu, ndogo kama mbegu ya pilipili. Ikazima.

“Umeona?” aliniuliza.

“Nimeona, Mjomba!”

Nilipiga makofi. Nasema kweli, nilipiga makofi.

“Linataka,” Mjomba akasema, akarudisha mguu ndani. “Sanga, ningoje dakika mbili.”

Sanga akangoja. Taa ikameta tena, ikazima. Mjomba akajaribu polepole, akajaribu haraka, akajaribu akiwa ameuvuta ufunguo nje kidogo, akajaribu akiwa ameusukuma. Kila alipopata mmeto mmoja alivuta pumzi, na sisi sote tukavuta pamoja naye. “Dakika mbili,” alisema tena. Saa tatu kasorobo Sanga akasema, kwa adabu, kwamba sasa hata akipaa hatafika. Akaondoka taratibu, akigeuka nyuma.

Vidole vya Bibi Dama viliacha kuhesabu tasbihi.

Jua lilishuka bondeni saa tatu na robo. Liligusa kioo cha mbele, likagusa usukani, likagusa mkono wa Mjomba uliokuwa umelala juu ya ufunguo kama mkono wa mtu aliyesinzia. Saa tatu na nusu akauzungusha, nadhani bila hata kukusudia. Taa zote zikawaka. Injini ikanguruma.

Hakuna aliyeshangilia. Bibi Dama alisema, “Alhamdulillahi,” kwa sauti ndogo kabisa.

Mjomba aliendesha kama sijawahi kumwona akiendesha. Kombani hatukusimama. Ukunda tulikwama nyuma ya lori la mchanga, akapiga honi mpaka watu wa dukani wakatoka kutazama. Hakulizima gari hata tuliposimama kwenye kituo cha mafuta. Alimwambia mhudumu, “Tia hivi hivi,” na mhudumu akakataa, tukaondoka bila mafuta.

Tulifika saa tano. Wanaume walikuwa wakitoka makaburini, wamebeba majembe, kanzu zina udongo. Jaafar alikuwa mbele. Mikono yake ilikuwa na mchanga mpaka viwikoni.

“Tulikungoja, kaka. Tulikungoja mpaka saa nne na nusu. Sheikh akasema...”

“Alisema vyema.”

“Nilimshika vizuri. Haikutetemeka. Wallahi, haikutetemeka.”

Mjomba alimshika bega. Kisha akaenda makaburini peke yake. Sisi wanawake hatuendi, nilibaki garini na Bibi Dama, injini ikinguruma maana hakuna aliyethubutu kuizima. Aliporudi, watu wote pale uwanjani walikuwa na udongo mikononi. Yake ilikuwa safi. Kiganjani tu palikuwa na alama nyekundu ya ufunguo, imezama, unaweza kuhesabu hata meno yake.

Hiyo ndiyo mikono aliyokuwa akinawa nilipomwuliza swali langu.

Wiki mbili baadaye Chome alikuja mwenyewe Mkongani, asubuhi na mapema, na sanduku la vyuma kwenye pikipiki. Hakutaka chai. “Nataka kuliona likiumwa,” alisema. Akaliona. Akachonga zile boliti mpaka saa tatu, akatoa suichi, akaifungua juu ya gunia.

Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama shahamu ya kondoo, kimechanganyika na vumbi, na vibati vya shaba vimeota ukungu wa kijani.

“Nani amekaanga samaki humu?” Chome akauliza. Akanusa. “Nazi! Chirau, umelitia gari nazi!” Akacheka mpaka akaketi chini. “Hili si kufuli la mlango, bwana! Yanapita tunduni yanateremka huku nyuma, yanakula shaba, kukiwa na baridi yanaganda, vibati havigusani. Jua likitoka yanayeyuka, mtoto anaruka kamba. Miaka yote hii? Nani alikudanganya...”

Akaacha hapo, maana alimwona uso.

Mjomba alichota kidogo kwa ukucha. Akakisugua kati ya kidole na gumba mpaka kikayeyuka, kikawa maji. Akakinusa.

“Ni yake,” alisema.

Chome hakuuliza ya nani. Aliinamia suichi akaanza kuisugua kwa msasa, asubuhi nzima bila mzaha hata mmoja. Alipomaliza aliniomba penseli yangu ya shule. Akaikwangua risasi yake kwa kisu, akaupuliza ule unga mweusi ndani ya tundu. “Kikikauka tena, hivi,” aliniambia mimi, si Mjomba. “Unga wa penseli tu.”

Kichupa kiko dirishani mpaka leo, hakijafunguliwa tena. Mwezi wa saba huganda, mwezi wa kumi huyeyuka. Mkaza mjomba hukiinua akipangusa vumbi, akakirudisha palepale.

Mwaka huu niko kidato cha nne, shule ya bweni. Siku ya kurudi shuleni baada ya likizo ya Aprili, Mjomba alinirushia ufunguo. “Leo washa wewe. Umekuwa mtu mzima.” Sijawahi kufurahi vile. Yeye akakaa kiti cha Bibi Dama, Mwenyezi Mungu amrehemu naye.

Nikazungusha. Taa zote ziliwaka, lakini injini ilikohoa tu: ngrr, ngrr, ikanyamaza. Safari hii ilikuwa betri, imezeeka. Nikazungusha tena. Ngrr, ngrr, ngrr. Zaidi kidogo.

Sanga, ambaye sasa ana pikipiki mbili na kitambi, alisimama getini. “Dada, panda nikupeleke! Saa tano geti la shule linafungwa!”

“Ngoja, kaka Sanga! Linakaribia!”

Nikazungusha. Niliisikia kabisa ikitaka. Nikazungusha nikiwa nimekanyaga mafuta, nikazungusha nikiwa nimeyaachia. Sanga aliita tena, nikainua mkono bila kumtazama. Jasho lilinitoka. Nilipokuja kuinua kichwa, getini hapakuwa na mtu.

Mjomba hakuwa akitazama barabara wala ufunguo. Alikuwa akiutazama mkono wangu.

“Umezungusha mara ngapi?” aliuliza.

“Mara tano. Sita.”

“Mara kumi na nne.”

Niliutoa mkono kwenye ufunguo. Kiganjani palikuwa na alama nyekundu. Mjomba akaushika mkono ule, akapitisha gumba lake juu ya alama polepole, kama mtu asomaye.

“Uliniuliza jambo siku ile nikinawa,” alisema. “Lilikuwa linakaribia, mwanangu. Kila mara lilikuwa linakaribia.”